Walitafuta Kichwa cha Pili

Nywele zangu zilianza kutoka ndani ya basi, kabla hatujafika Kidatu. Nilipitisha mkono kisogoni kujikuna, mkono ukarudi na fungu zima, laini kama manyoya ya kifaranga. Nikalitia kwenye mfuko ambao kondakta alinipa kwa ajili ya kutapikia. Nje ya dirisha mashamba ya miwa yalikuwa yanakimbia kurudi tulikotoka, na mama, aliyekaa kando yangu, alikuwa anasali rozari kwa midomo tu, bila sauti. Tulipofika Kiberege mfuko ulikuwa umejaa nusu. Tulipoingia Ifakara mama alikuwa ameshanifunga kichwa kwa kanga yake, hajaniuliza neno.

"Nywele zitaota," alisema tukiwa tunashuka. "Tuwaone kwanza hao wa stendi watasema nini."

Jina langu ni Otilia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimeandika riwaya moja iliyosomwa zaidi na watu walioitafuta ili wajue kama wamo. Nilikuwa na saratani kwenye ziwa la kushoto. Hiyo ilikuwa dripu ya pili kati ya nane nilizopangiwa kwenye hospitali kubwa Dar es Salaam, mwezi wa pili, wakati mpunga unapaliliwa. Sasa dripu zimekwisha, kisu kimepita, na ninaandika kwa ajili yako uliyekaa kwenye benchi lile la mbao na kadi mkononi, unasubiri jina lako litamkwe vibaya. Sitakueleza habari za ugonjwa wenyewe, daktari wako anazijua. Nitakueleza habari za kushuku, maana hakuna aliyeniambia kwamba hiyo nayo ni dalili.

Pale stendi mwanamke anayeuza ndizi alinitazama kanga, akanitazama nyusi zilizoanza kupungua, akashusha sauti.

"Pole mwanangu. Afadhali yamekwisha."

"Yamekwisha nini, mama?"

"Hayo. Na mwenzako alikubali kwa hiari, au mpaka alipovutwa?"

Asiye wa kwetu anielewe. Huku bondeni, na ng'ambo ya mto kwenye milima, watu wakishukiana uchawi ukoo unakaa na kuamua, kisha mwenye kushuku na mwenye kushukiwa wanapelekwa siku moja kwa mganga. Wote wawili wananyolewa upara kwa wembe, wote wawili wanakunywa dawa ileile, wanarudi na vichwa vinavyong'aa na shauri limekwisha. Kwa hiyo kichwa kimoja kitupu hakitoshi. Watu wakikiona, macho yao yanaanza kuzunguka kutafuta cha pili.

Cha pili walikipata haraka. Shangazi Desderia, dada wa marehemu baba, ni mjane wa kijijini Michenga, na hakuna mtu aliyewahi kumwona bila kilemba. Kabla ya hapo kilemba chake kilikuwa kilemba tu. Baada ya mimi kushuka kwenye basi lile, kikawa kinaficha kitu.

Ingetosha neno moja kutoka kwangu: ni dawa ya saratani. Sikulisema. Nilijiambia naona haya kutaja ziwa langu mbele za watu, na hilo lilikuwa kweli, lakini chini yake palikuwa na kweli nyingine. Nilimshuku shangazi mimi mwenyewe, na ilinipendeza kuona wengine wananisaidia kumshuku bila mimi kufungua mdomo.

Ushahidi wangu ulikuwa huu. Miezi miwili kabla sijaukuta ule uvimbe, siku ya kumbukumbu ya marehemu baba, shangazi alinikuta nasonga ugali kwenye sufuria la watu wengi. Akanitazama kifuani, akacheka mbele ya wanawake wote.

"Otilia! Maziwa yamejaa hivyo, mnyonyaji yuko wapi?"

Wote tulicheka. Nilipokutwa na ugonjwa, mama alinikumbusha kicheko kile, na tangu hapo sikukisikia tena kama kicheko.

Shangazi alikuja kila wiki kwa baiskeli, kilomita zote zile, amefunga mchele na samaki wakavu nyuma. Nilipanga chumba na sebule karibu na soko, na mama alikuwa amehamia kwangu kuniuguza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Mbona mifupa inasema hujala?"

"Weka hapo tu, wifi," mama aliingilia kati. "Atakula baadaye."

Shangazi akishaondoka, chakula kile kilimwagiwa kuku wa jirani. Kuku walinenepa. Mama aliwatazama kwa wiki tatu, kisha akatoa hukumu: "Dawa za namna hii hazimuui kuku. Zinamtafuta mwenye jina."

Nilishuku kila kitu. Nilimshuku muuguzi aliyetafuta mshipa wangu mara nne na kusema "samahani dada" kwa sauti tamu mno. Dripu nne za kwanza zilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, nazo nikazishuku kuwa zinaniua taratibu na kwa heshima. Wanajumuiya walipokuja kusali sebuleni kwangu, niliwahesabu walioangalia sakafu wakati mama anasema "apone." Na nilimshuku Yesu. Hilo linanichoma kuliko mengine, kwa sababu tangu shule ya sekondari nilikuwa nampenda kwa moto, nikiandika madaftari mazima juu ya kukaa ndani yake na yeye ndani yangu, maneno mazuri ya msichana ambaye mwili wake haujawahi kumwomba chochote. Sasa nililala nikinuka dawa na kujiuliza: kama kweli alikuwa ndani yangu, uvimbe ulipoanza alikuwa upande gani?

Palikuwa pia na huruma ndogondogo, na nakuomba uzikusanye zako, usizidharau. Mama mmoja wa Singida, kwenye benchi lile, alinifundisha kunyonya barafu dripu inapoingia ili midomo isichubuke. Na Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, ambaye wazee wake walitoka pwani, alinikatia mtandio mweusi, akaufunga mwenyewe kichwani pangu na pini mbili.

"Sisi tunafunika vichwa tangu utoto, mwanangu," alisema, pini mdomoni. "Hakuna aliyewahi kutuuliza tumenyolewa na nani."

Yeye tu ndiye niliyemwambia ukweli. Akatoa pini ya mwisho mdomoni.

"Na huyo shangazi yako wanayemsema, umewaambia?"

Nikaaga.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Padri Kasimiri alileta Komunyo kwa wagonjwa wa mtaa wetu kwa pikipiki. Mwezi wa tatu nilimwambia najisikia kutapika. Mwezi wa nne mafuriko yalikuwa yamefunika barabara za chini, akaja na suruali imelowa hadi magotini, na bado nikamwambia najisikia kutapika. Safari hii hakuondoka. Alivua viatu, akakaa kwenye kigoda cha mama, akakamua maji kwenye soksi zake.

"Kutapika kwako kunakuja Ijumaa tu?"

Mama alicheka jikoni kabla hajajizuia.

"Padri," nikamwambia, "mtu akipokea, Kristo anaungana naye kweli, au ni namna ya kusema?"

"Kweli. Kama ni namna ya kusema, mimi nimelowa bure."

"Na mchawi akipokea?"

Aliacha soksi. Aliangalia mlango wa jikoni, ambako mama alikuwa ameacha kusogeza sufuria.

"Mimi sijui nani mchawi, Otilia. Najua nani anapokea. Jumapili nilikuwa kigangoni Michenga. Shangazi yako alipokea. Alikuwa wa mwisho kwenye mstari, maana watu hawataki kusimama mbele yake wala nyuma yake."

Alivaa soksi zake mbichi akaondoka, nami nikabaki na sentensi ambayo sikuitaka. Nilijaribu kuigeuza kila upande kama mtu anayetafuta tundu kwenye ndoo. Kama Kristo yumo ndani ya shangazi, na yumo ndani yangu, basi ninaposhuku nashuku nani?

Dripu ya tano ilikuwa wiki mbili baada ya hapo. Nataka kuwa mwangalifu ninapoeleza kilichotokea, kwa sababu watu wa dini hupenda kuongeza chumvi hapa, na watu wa vitabu hupenda kuongeza sukari.

Nilikuwa kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka pa kuegemeza mkono, sindano imeingia, nimeangalia kucha zangu. Zilikuwa zimeshakuwa nyeusi, zote kumi, kama za mtu aliyemenya ndizi mbichi siku nzima. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu. Kichwa kilikuwa kinapata baridi ya feni. Sikuwa nasali. Nilikuwa nimeshuku sala kwa muda mrefu kiasi kwamba nilikuwa nimeiacha. Kisha likaja wazo moja tu, wala si kwa sauti: kama ni kweli ameungana nami, basi na kucha zake zimekuwa nyeusi.

Nilikaa na hilo. Na mdomo wake una ladha ya sarafu. Na ndiye anayesikia baridi kichwani. Watu wa stendi walikuwa wanatafuta kichwa cha pili, na kilikuwepo tangu siku ile ndani ya basi. Hakuwa amekaa mbali akiamua kama nipone. Alikuwa chini ya dripu ileile, akiingiwa na tone lilelile. Amani ilinishukia nzito na ya kawaida, kama blanketi ambalo mtu amekufunika ukiwa umelala na hujui ni nani. Mama wa Singida aliniangalia, akanipa barafu. "Unalia au unacheka?" Nikamwambia sijui.

Niliishuku amani hiyo pia, usidhani sikuishuku. Nilimwuliza muuguzi kama dawa ya kuzuia kutapika inaweza kumfanya mtu ajisikie vizuri bila sababu. Alisema haijawahi kumfanya mtu yeyote ajisikie vizuri. Nikairudisha moyoni, nikasafiri nayo hadi nyumbani, mto ukiwa umetanda pande zote mbili za barabara kama bati jipya. Ilikuwa bado ipo.

Lakini ilikuwa na meno. Maana kama kucha zake zilikuwa nyeusi kwa ajili yangu, basi vilevile alikuwa wa mwisho kwenye mstari kule Michenga, na hakuna anayetaka kusimama nyuma yake. Nilikuwa nimemweka pale mimi, kwa kunyamaza.

Mwezi wa tano, mpunga ukishika rangi na watu wakishinda mabondeni kufukuza ndege, mtu asiyejulikana aliacha wembe mpya mlangoni kwa shangazi. Ulikuwa bado ndani ya karatasi yake. Mama alinipa habari hiyo akiwa ananipaka mafuta miguuni, na mikono yake haikusita.

"Sasa ataelewa," alisema.

Ijumaa ya kwanza iliyofuata niliungama. Padri alinisikiliza hadi mwisho, akaniondolea dhambi, kisha akasema, "Ulinyamaza mbele za watu. Kitubio chako useme mbele za watu." Alifungua kile kichombo kidogo cha Komunyo. Nikamzuia mkono.

"Nitapokea nikishasema mbele ya ukoo, baada ya mavuno, Padri."

"Msamaha hausubiri mavuno, binti."

"Mimi ndiye ninayesubiri. Najijua. Nikipokea leo, sitasema kamwe."

Alinitazama kwa jicho ambalo sikujua kama ni la kuniheshimu au la kunionea huruma, akakifunga.

Mavuno yalikuja, na dripu ya nane, na tarehe ya upasuaji. Jumamosi moja kabla ya safari, Baba mkubwa Gaspari, kaka wa marehemu baba, aliitisha ukoo Michenga. Tulikaa kwenye mikeka uani, kando ya magunia ya mpunga. Shangazi Desderia aliketi kwenye mkeka wa peke yake. Hakuna aliyemwambia aketi pale, ila mkeka wenyewe ulikuwa umetandikwa pale.

"Hatukuja kugombana," Baba mkubwa alianza. "Mtoto anakwenda kukatwa kiungo. Hatuwezi kumpeleka kwenye kisu na jambo bado bichi. Uvumi umeenea mpaka Ifakara kwamba Otilia alishanyolewa. Alinyolewa na nani, sisi kama ukoo hatujui. Nasema tufanye jambo rasmi. Wiki hii hii wapelekwe wote wawili."

"Mimi nitakwenda," shangazi alisema hapohapo. "Leo mkitaka. Nimechoka kutazamwa."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kumwokoa, kumbe yeye aliutaka wembe kama mtu anavyotaka hati ya kuachiwa. Mama alinigusa goti: sema ndiyo, tumalize.

Nilivua mtandio wa Bi Zuhura. Kichwa changu kilikuwa kimeanza kupata kivuli chembamba, na watu walivuta pumzi.

"Kichwa hiki hakikunyolewa na mtu," nikasema. "Ni dawa ya saratani. Kila mgonjwa niliyekaa naye kule ana kichwa kama hiki, na hatukurogwa na mtu mmoja. Nilijua mnasema nimenyolewa. Nilijua mnamtazama shangazi. Nikanyamaza."

"Kwa nini?" Baba mkubwa aliuliza.

"Kwa sababu nilimshuku. Na ilinifurahisha."

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Nilinyamaza, baba mkubwa."

"Ni mamoja," alisema, na alikuwa na haki.

Mama alisimama, akajikung'uta makapi ya mpunga kwenye kanga. "Nimekuuguza miezi sita ili uje univue nguo mbele ya mawifi? Haya. Huko Dar nenda na huyo shangazi yako basi." Akatoka uani, na nikasikia hatua zake hadi barabarani. Alikuja hospitali siku ya nne baada ya upasuaji, na mpaka leo hatujamaliza kuizungumza siku ile. Usidhani ukweli unaponya kila mtu kwa mpigo mmoja.

Kisha shangazi aliongea, akiangalia magunia.

"Na mimi niseme langu. Kile kitabu chako kina mzee anayechechemea, mwenye maneno ya kuudhi, anakufa mtaroni. Kila mtu alijua ni mume wangu. Mwenyewe alicheka sana waliposomewa kilabuni. Mwaka haukuisha, kiharusi kikamwangusha. Ulimwandika, akafa." Akakaza kilemba bila kukifungua. "Siku ile ya kumbukumbu nilikutania makusudi. Wanasema mchawi akitaniwa mwilini hushtuka. Nilitaka nikuone."

"Nilishtuka?"

"Ulicheka. Nikasema, huyu mjanja."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akazimwa kwa kiwiko. Mimi nilihisi joto likipanda hadi kwenye masikio yangu yasiyofunikwa na nywele. Mwaka mzima tulikuwa tumeviziana, kila mmoja na ushahidi wake mkononi, na kila Jumapili mmoja wetu alikuwa anaomba aepushwe na mwenzake.

"Samaki wale je?" niliuliza.

"Samaki walikuwa samaki. Nilikushuku, sikusema nikuache ufe njaa."

Asubuhi ya safari, Jumapili ya wiki iliyofuata, shangazi alikuwa kituoni kabla yangu, na begi la kitambaa. "Mama yako alisema uende na mimi," alisema. "Mimi si mtu wa kuambiwa mara mbili." Njiani hatukuongea mengi. Aliponiletea chai Mikumi nilikitazama kikombe sekunde moja zaidi ya inavyostahili, naye aliniona nikikitazama. Nikanywa. Sisemi nilikunywa bila hofu.

Jioni ya kabla ya upasuaji, sista mmoja mzee alipita wodini na Komunyo. Wagonjwa walikuwa wengi, wengine wamelala chini kwenye magodoro, naye alikwenda polepole kitanda kwa kitanda, akiinama kwa kila mmoja kama anayemfunga mtoto kamba za viatu. Alipotufikia alitazama ndani ya kichombo chake.

"Imebaki moja. Ninyi ni wawili?"

"Wawili," shangazi alisema.

Sista aliivunja. Haikuvunjika sawa. Kipande kikubwa kidogo kilikuwa upande wangu, kidogo zaidi upande wake, na niliona jicho la shangazi likipima, na nikajua na langu lilikuwa linapima vilevile.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," nikasema. Sauti ilitoka kavu, maana ilikuwa miezi mitano.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," shangazi akasema.

Tangu Komunyo ya kwanza tulifundishwa kufumba macho hapo. Hakuna kati yetu aliyefumba. Nilimtazama akimeza, naye alikuwa ananitazama nikimeza, wanawake wawili wa ukoo mmoja, bado tunachunguzana, huku yeye akishuka ndani yetu wote kwa wakati mmoja, bila kumwuliza yeyote anamshuku nani.